Vitabu Vilivyokanyaga Ukuta

Jumapili, 29 Septemba. Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Kila mwaka siku hii nafanya mambo mawili: nafunga madirisha ya maktaba hadi Pasaka, na nafungua daftari jipya. La mwaka jana lilijaa malalamiko ya goti langu. Hili nataka liwe na adabu zaidi.

Basi, kwa adabu: mimi ni Enid Garroway, mtunza maktaba wa Kanisa Kuu la Ellchester, na hakuna maktaba Uingereza nzima ninayoionea wivu. Chumba chetu kimekaa juu ya baraza ya mawe inayozunguka ua wa kanisa. Hakikuwa ghala wala chumba cha kulala kilichobadilishwa. Kilijengwa kwa ajili ya vitabu. Askofu aliyekijenga, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, aliacha vitabu vyake vyote kwa sharti kwamba hata kasisi asiye na viatu apande ngazi na kusoma, ila kitabu chenyewe kisishuke. Ndiyo maana ya minyororo. Wageni hudhani tuliwafungia watu vitabu. Watu tuliwafungulia, waliofungiwa ni wezi.

Kila kitabu kimeingiza mgongo ndani ya kabati, kurasa zinakutazama wewe, kwa kuwa mnyororo umeshikwa ukingoni mwa jalada la mbele. Ukikiweka kinyume mnyororo unajisokota na kuwakwaruza majirani. Mgeni wa mara ya kwanza husema tumevipanga kichwa chini miguu juu. Namwacha aseme kwanza, raha yangu ni hiyo.

Mvua imeanza nikiwa kwenye dirisha la mwisho.

Jumanne, 1 Oktoba

Siku ya kupangusa vumbi. Sisi wanawake wa Jumanne tunavaa sweta mbili mbili, kwa sababu humo ndani hamjawahi kuwashwa moto wala taa, tangu siku ya askofu hadi leo. Mwanga ukiisha, kazi imeisha.

Muriel Hask alipewa kile kitabu cha Injili chenye doa la siagi. Wakati wa vita vya mfalme na bunge, askari walifunga farasi wao kwenye baraza ya chini, na watu wa mji wakavipitisha vitabu dirishani na kuvificha majumbani, chini ya vitanda na ndani ya mapipa ya unga. Vita vilipokwisha vikarudi, hiki na siagi yake.

"Bibi yangu wa kale ndiye aliyekificha," akasema Muriel, kama asemavyo kila mwaka.

"Muriel, kila ukoo hapa Ellchester una bibi aliyeficha kitabu. Kama wote ni wakweli, tungekuwa na vitabu elfu kumi."

"Wengine ni waongo. Sisi akina Hask tulikuwa na ng'ombe. Siagi hiyo imetoka wapi?"

Keki ya tangawizi ilikuwa yake, na ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Ndoo moja kwenye ngazi.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo Mkuu wa Kanisa Kuu amepanda maktaba, mara ya tatu tangu aje kwetu, na amekuja na mtu wa kofia ya njano.

Niseme jambo kuhusu Mkuu, Kasisi Philippa Strode. Ni mwanamke hodari, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na tangu afike paa la kanisa limepata mabati mapya ya risasi upande wa kaskazini. Lakini desturi yetu ni kwamba kila Mkuu mpya huleta kitabu chake mwenyewe, chochote akipendacho, akakifunga mnyororo kwa mkono wake na kutusomea kidogo. Ameshakaa miaka miwili hajaleta. Nilipomkumbusha mara ya kwanza alicheka, akasema, "Bi Garroway, mimi sifungi vitabu, mimi nafungua." Watu walicheka naye. Neno hilo lilinichoma na bado linanichoma.

Mwenye kofia anaitwa Desmond Tolland, mhandisi. Alitembea katikati ya makabati kwa hatua ndogo ndogo, halafu akaweka gololi ya kioo sakafuni. Ikabingirika yenyewe hadi ukutani.

"Sakafu imebonyea," akasema.

"Imebonyea tangu kabla babu yako hajazaliwa," nikamjibu.

"Naamini. Swali ni je, imemaliza kubonyea, au bado?"

Mkuu alikuwa akitazama madirisha, yale mazuri ya kusini, na nilimwona akipima chumba kwa macho kama mtu anayepanga meza.

Jumatano, 9 Oktoba

Nilisema nitakuwa na adabu. Leo siandiki.

Jumanne, 15 Oktoba

Mhandisi amelala kifudifudi sakafuni asubuhi nzima akichungulia kwa tochi kati ya mbao, kila mmoja wetu akimruka. Chini, kwenye dari ya matao ya mawe ya baraza, amekuta ufa mwembamba, akabandika juu yake kipande cha plastiki chenye mistari ili ajue kama unasogea.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," nikamwambia.

"Nikiuziba kabla sijaujua, nitajenga ukuta na ufa wake," akajibu, bila hata kugeuza kichwa.

Muriel akampa kipande cha keki hapo hapo alipolala. Nimemwambia Muriel kwamba hatulishi adui. "Adui gani anayesema asante mara tatu?" akaniuliza.

Jumanne, 22 Oktoba

Imekuja. Ripoti ya Tolland inasema boriti za sakafu zimebeba mzigo kupita uwezo wake, na anashauri chumba kipunguziwe uzito. Baraza la Makanoni, makasisi wanaoliongoza kanisa pamoja na Mkuu, limekaa leo mchana, nikaitwa nisikie uamuzi. Vitabu vyote vitaondolewa kabla ya Krismasi, vipelekwe ghala kavu lenye mitambo ya hewa, karibu na barabara kuu, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hapa. Makabati yatafuata mwaka mpya. Chumba kitakuwa ukumbi wa chakula wa kukodisha.

Nilisimama. Goti liliuma lakini nilisimama. Nikawaambia kwamba kuna maktaba kubwa kuliko yetu na tajiri kuliko yetu, lakini zinahesabika kwa vidole zile ambazo kitabu bado kipo kwenye kabati lilelile, kwenye chumba kilekile, kwa mnyororo uleule. Ukikitoa kitabu hapo, unabaki na kitabu. Ukitoa chumba, unabaki na chumba. Vikiwa pamoja ndipo vinaitwa Ellchester.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo.

"Bi Garroway, sakafu ikianguka na watu chini yake, nitawaambia nini mama zao? Kwamba kilikuwa chumba kilekile?"

Nilikaa. Hilo lilikuwa swali la haki, na ndilo lililonikasirisha zaidi. Nimerudi nyumbani chini ya mvua bila kufungua mwavuli, nikalia jikoni nikimenya viazi.

Jumapili, 27 Oktoba

Mahubiri marefu. Mvua. Ndoo mbili.

Jumanne, 5 Novemba

Mji mzima umekwenda kuwasha mioto na fataki uwanjani, kama kila mwaka tarehe hii. Mimi sikwenda. Mwaka huu sina hamu ya kutazama vitu vikiungua.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua haijapumzika tangu wiki iliyopita. Mto umepanda hadi kwenye benchi la wavuvi na ua wa kanisa unabonyea chini ya viatu.

Nondo za chuma zinazoshika minyororo zina kufuli mbili kila kabati. Ufunguo mmoja hukaa kwa Mkuu, mmoja kwangu. Askofu wetu alikuwa mtu mjanja: hakumwamini mtu mmoja, hata awe mtakatifu. Bila mikono miwili, hakuna kitabu kinachotoka.

Muriel ameniletea hoja hiyo pamoja na chai.

"Ufunguo wako umeze."

"Muriel!"

"Basi utupe mtoni. Mto umejaa, nani atauona? Waambie umezeeka, umesahau ulipouweka. Watakuamini."

"Ndilo linaloniudhi, kwamba wataniamini."

Tulicheka, lakini wazo lile lilikaa nami siku nzima. Nikikataa kugeuza ufunguo, hawana la kufanya bila kukata chuma cha miaka mia tano, na Mkuu hatathubutu. Ningeshinda. Halafu? Nitakuwa nimeifanya maktaba kuwa yangu. Askofu aliweka kufuli mbili ili isiwe ya mtu.

Leo pia nimemkuta Tolland anasoma, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alikuwa amesimama kabati la tatu na kitabu cha ramani ya nyota mbele yake, mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Unaruhusiwa kufunua," nikamwambia. "Ndiyo kazi yake."

Akafunua ukurasa kwa ncha ya kidole. Alisema baba yake alikuwa fundi wa mbao, angelipa nauli kuja kuona viungo vya makabati haya. Nikamwonyesha alama ya seremala chini ya rafu, ndege mdogo aliyechongwa kwa patasi. Akapiga goti sakafuni ili amwone vizuri. Mtu huyu si mbaya. Nakerwa kuandika hivyo.

Jumanne, 26 Novemba

Nimegeuza ufunguo.

Mkuu aligeuza wake, mimi wangu, na nondo ya kabati la kwanza la kusini ikatoka ikilia kama lango la shamba. Nilimwona Mkuu akikunja uso kwa ile sauti. Makabati matatu ya kusini yamemalizwa leo. Vitabu vimeshuka ngazi kwenye masanduku hadi ukumbi wa Baraza, vinangoja lori la Ijumaa. Wanawake wa Jumanne wote walikuja, na hakuna aliyeleta keki.

Rafu tupu zina rangi nyingine kabisa, nyeupe nyeupe, kama ngozi iliyokuwa chini ya bendeji. Sikuweza kukaa mle.

Alhamisi, 28 Novemba

Lazima niandike yote kwa utaratibu.

Asubuhi nilipita barazani kwenda ukumbini kuvitazama vitabu vyangu. Tolland alikuwa juu ya ngazi yake chini ya matao, pua karibu na kile kipande cha plastiki. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikamwamkia tena.

"Bi Garroway," akasema polepole, "jana ulipita hapa?"

"Napita kila siku."

"Uliona vumbi hili?"

Chini ya ngazi, kwenye mawe, palikuwa na unga mweupe wa chokaa, mpya. Akanipa tochi. Sijui habari za uhandisi, lakini macho ninayo: ule ufa mwembamba kama uzi sasa ulikuwa unaingia ukucha.

Akaniambia niende nikamwite Mkuu, nitembee, nisikimbie, lakini nisichelewe. Kwa goti hili, nilikimbia.

Mkuu alikuja na koti juu ya aproni, alikuwa jikoni. Tolland alishuka, akavua kofia yake ya njano. Sijawahi kumwona bila kofia, ana upara.

"Mkuu, nimekosea," akasema. "Nilihesabu sakafu vizuri, na boriti kweli zimechoka. Lakini niliutazama ule mzigo kama adui wa sakafu tu. Sikuuliza unafanya nini kwenye ukuta."

"Sema kwa Kiingereza cha shambani," Mkuu akamwambia.

"Matao haya ya mawe yanasukuma ukuta wa nje, mchana na usiku, tangu yajengwe. Ukuta unataka kuegemea uani. Kinachouzuia ni kwamba umekanyagwa. Makabati yamepangwa ncha zake juu ya ukuta, na vitabu vyake vinaukanyaga usisogee. Tumeondoa vitabu vya makabati matatu, ardhi imelowa mvua ya miezi miwili, na ukuta umeanza safari."

"Kama tofali juu ya kifuniko cha kachumbari," akasema Muriel, aliyetokea sijui wapi.

"Hasa," akasema Tolland. "Hasa kama tofali."

Mkuu akatazama juu kwenye matao, kisha akanitazama mimi. Nilijiandaa kusema kitu kikali. Nilikuwa nacho, nilikitunza tangu Oktoba. Lakini niliona midomo yake imekuwa myeupe, na nikakumbuka swali lake la mama za watu, nikakimeza.

"Vikirudi, ukuta utatulia?" akauliza.

"Naamini utatulia. Nitaweka nguzo za mbao chini hapa kwa sasa, na boriti tutazitia chuma ndani, kitakachofichika. Lakini vitabu virudi leo. Kabla ya giza."

"Kuna taa huko juu?"

"Hakuna," nikajibu. "Hapajawahi kuwa na taa."

"Basi tuna saa tano," akasema Mkuu, na akaenda kwenye mlango wa uani, akaita kwa ile sauti yake ya kuvuka bonde.

Sikujua sauti moja inaweza kufika wapi. Walikuja walinzi wa kanisa na mpiga kinanda. Akaja muuza nyama wa kona na aproni yake, nikamtuma akanawe mikono kwanza. Wakaja wauguzi wawili waliokuwa wakingoja basi, walimu, mwenye duka la baiskeli, watalii wa Kijerumani wasiojua wanabeba nini ila walibeba kwa makini kuliko wote. Tulipanga mstari toka ukumbi wa Baraza, pembeni ya uani mbali na ule ufa, ngazi yote hadi juu, na vitabu vikapanda mkono kwa mkono. Mimi nilikaa kwenye kabati nikipokea. Kila kilichofika nilikijua kwa uzito wake kabla sijakitazama. Hapana, hilo ni majivuno. Vingi nilivijua, si vyote.

Kabati la tatu lilipojaa, mwanga dirishani ulikuwa wa kijivu. Tulirudisha nondo. Mkuu akageuza ufunguo wake, mimi wangu. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya masanduku.

Muriel alikuwa amekaa kwenye ngazi, amechoka, kofia imekaa upande. Akautazama ule mstari wa watu wakishuka wakicheka na kupangusa vumbi.

"Unajua nini, Enid? Sasa kila ukoo Ellchester utasema bibi yake alibeba kitabu."

"Na safari hii," nikasema, "hakuna atakayekuwa mwongo."

Nilijivuna leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Najivunia mwaloni wa makabati na jiwe na yule askofu mjanja, lakini zaidi najivunia muuza nyama.

Ijumaa, 29 Novemba

Lori lilikuja. Tulimpa dereva chai, lori likarudi tupu.

Jumanne, 3 Desemba

Ufa haujasogea. Tolland amekula keki vipande vitatu, akiwa amekaa kwenye kiti safari hii. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimemwambia hivyo usoni, akawa mwekundu hadi kwenye upara.

Jumanne, 10 Desemba

Baraza limekaa. Tolland alisimama mbele ya makanoni wote, akasoma ripoti ya pili inayoipinga ripoti yake ya kwanza, bila kujitetea hata kwa neno moja. Ni wangapi wanaoweza? Mimi siwezi. Uamuzi: maktaba inabaki ilipo, kila kitu mahali pake, na fedha za ukumbi wa chakula zitakwenda kwenye boriti. Hakuna aliyepinga. Mkuu ndiye aliyeleta hoja.

Jumanne, 17 Desemba

Leo Mkuu alipanda maktaba peke yake, tukiwa na brashi mkononi. Chini ya kwapa alikuwa na kitu kimefungwa kwenye taulo la jikoni.

"Nimechelewa miaka miwili," akasema. "Bado mnapokea?"

Tulipanga viti. Akafungua taulo. Nilitarajia kitabu cha teolojia, ngozi na dhahabu. Kilikuwa mwongozo wa ufugaji wa kondoo, jalada limeliwa na panya, kimejaa maandishi ya penseli ya baba yake, mchungaji wa kondoo kule milima ya kaskazini. Kumbe sauti ile alijifunzia huko.

"Nilikionea haya," akatuambia. "Nilidhani mngecheka. Kwa hiyo nikacheka mimi kwanza."

Hakuna aliyecheka. Nilishika jalada, naye akakaza pete ya mnyororo kwa koleo, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule. Kisha akakisukuma rafuni, kwa fahari kubwa, mgongo nje.

Mnyororo ukajisokota. Muriel akaziba mdomo kwa brashi. Wanawake wa Jumanne wote wakanitazama mimi, maana wanajua watu nimewafanyia nini kwa kosa hilo.

"Nimefanya nini?" akauliza Mkuu.

"Umefanya kama kila mgeni," nikasema. "Kigeuze. Hapa tunatazamana uso kwa uso."

Akakigeuza. Mnyororo ukajinyoosha wenyewe na kutulia. Ndipo akakilaza juu ya meza ya kusomea na kutusomea, na sauti ile kubwa ilikuwa ndogo sana: kondoo mwenye sufu nzito akianguka chali hawezi kuinuka, atakufa hapo hapo ingawa ni mzima. Mwinue. Lakini usimwachie mara moja, maana ataanguka tena. Simama naye, mbane ubavuni kwa miguu yako, hadi ashike ardhi. Pembeni baba yake ameandika kwa penseli: *Hata kama mvua inanyesha.*

Nilimwambia nimesamehe lile neno lake la kufunga na kufungua. Akasema hakujua kwamba liliniumiza. Nikasema ndiyo maana nimesamehe.

Jumanne, 24 Desemba

Mvua. Hakuna ndoo, paa la ngazi limezibwa. Kabla mwanga haujaisha nilimkuta Tolland kabati la kusini, amesimama mbele ya kitabu cha kondoo, anasoma, amekifunua mwenyewe bila kuuliza.